Lenzi ya Mzee Kaa-Hivyo

"Nikikosa, Alhamisi nitakwenda mwenyewe, hata mkono msinishike," alisema mpiga picha, akaisukuma sahani yake katikati ya meza. "Nikipata, nisisikie tena habari za kisu ndani ya nyumba hii. Tumeelewana?"

Mkewe aliendelea kufuta meza palepale alipokwisha kufuta. Binti yao ndiye aliyejibu.

"Tumeelewana, baba."

"Na wewe, mama?"

"Mimi yangu nilishasema. Mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini kama unataka kubishana na daktari kwa kamera, bishana."

Ilikuwa Jumapili jioni. Ijumaa iliyopita daktari wa macho alikuwa amewaambia baba na binti, bila kuzungukazunguka, kwamba hii ni presha ya macho na imeshafanya kazi yake. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kijitundu katikati, na hata hicho kina ukungu, na kinazidi kuziba. Daktari bingwa wa kupasua anafika hospitali ile mara moja tu kwa mwaka, na jina la mzee limewekwa Alhamisi saa mbili asubuhi. "Akiikosa Alhamisi, ni mwakani," daktari alisema. "Na mwakani sijui kama nitakuwa na cha kuokoa."

Mzee aliuliza swali moja tu. "Utaniongezea?"

"Sitakuongezea, mzee. Nitakulindia ulicho nacho."

Hapo ndipo alipopata pa kushika. Nani akubali kukatwa jicho linaloona, na lisiongezewe hata chembe? Njia nzima aliirudia hoja hiyo, akiwa amemshika binti yake bega, kwa maelezo kwamba barabara ina mashimo. Barabara haikuwa na mashimo. Jumamosi hakusema na mtu. Jumapili akaja na shauri lake la mezani: kesho mshonaji wa mtaa wa pili anamleta mama yake mzazi apigwe picha kubwa ya kutundika. Picha hiyo ndiyo itakayoamua nani anaona na nani haoni.

Binti alikubali kwa sababu alikuwa na hakika baba atakosa. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, na usiku huo aliomba kwa Mungu amkoseshe.

*

Mtaani walimwita Mzee Kaa-Hivyo, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekalia kiti chake, awe karani au bibi harusi: kaa hivyo hivyo. Watoto walimtania kwalo akipita, naye alijibu kwa kusimama wima kama anayepigwa picha, wakacheka wote.

Lenzi yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Chuma na kioo, basi. Haikuwa na mota wala waya. Kamera za siku hizi hujilengea zenyewe, lakini lenzi ile ilimtaka mtu aizungushe pete kwa vidole, taratibu, mpaka jicho la mteja lishike, litokee kali bila ukungu. Binti alimnunulia kamera mpya, na mchongaji vyuma akawatengenezea kipande cha kuiunganisha na lenzi, mzee akakubali kwa masharti kwamba lenzi haitaguswa na mtu mwingine. Aliifungua mdomo wote, tundu la mwanga likawa wazi kabisa. Ukiifungua hivyo, kinachoshika ni eneo jembamba kama upana wa kidole: kope zinakuwa kali hata uzihesabu, masikio yameshaanza kuyeyuka, na ukuta wa nyuma umekuwa uji mtupu. Watu walitoka mbali kuifuata picha ya namna ile. Waliozoea kupigwa kama vitambulisho walijiona, kwa mara ya kwanza, kama watu wanaopendwa na mtu.

Kwa macho yaliyobaki, kazi hiyo haikuwezekana. Lakini mzee alikuwa fundi, na fundi hakosi njia. Kiti cha wateja alikipigilia misumari minne sakafuni. Pale inapokaa stendi ya kamera alibandika utepe mweusi, kipande kwa kila mguu. Na kwenye pete ya lenzi alichimba kwa tupa kipengo kidogo, cha kukipapasa kwa ukucha. Mteja akikaa wima, mgongo ukagusa kiti, mzee akapeleka ukucha kwenye kipengo, basi macho ya mteja yameshika, hata kama mpigaji amefumba ya kwake. Alifanya hivyo kwa mwaka mzima. Binti aliligundua siku alipomwona anapiga picha huku ametazama dirishani.

Alijaribu kumsaidia. Aliiwashia kamera vimistari vyekundu vinavyotokea kwenye kioo cha nyuma kuonyesha pameshika wapi. Mzee aliona wekundu wekundu tu, akavizima. "Kamera ya watu unaipaka rangi ya mdomo," alisema. Siku nyingine binti alinyoosha mkono ageuze pete kidogo tu, akapigwa kofi mkononi, kofi la kweli, mbele ya mteja. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Tangu siku hiyo hakuigusa tena lenzi. Alikaa kwenye kompyuta yake nyuma ya pazia, akichagua picha zilizoshika na kuzifuta zilizokosa kabla hazijaulizwa.

*

Mshonaji alifika Jumatatu saa nne, amemshika mama yake kiwiko. Bikizee yule alikuwa mdogo wa umbo, amevaa gauni jipya la buluu alilolishona bintiye, na viatu vilivyomzidi mguu. Katika maisha yake alikuwa amepigwa picha moja tu, ya kitambulisho.

"Karibu, mama, karibu sana," mzee alisema, akaisogelea sauti. Kamba ya kiatu cha bikizee ilikuwa imefunguka. Hilo aliliona, au aliligusa. Akapiga goti pale sakafuni, mzee mwenye mvi, akaifunga polepole.

"Tazama mtu anavyoniaibisha," bikizee alisema, lakini alikuwa anacheka. "Hata marehemu hakunifunga kiatu."

"Basi hakukufaidi. Kaa hapo. Nyoosha mgongo. Kaa hivyo hivyo."

Bikizee alikaa. Mgongo wake ulipogusa ubao wa kiti, uso ukakunjamana. "Kiti chako kigumu, baba. Kinaniuma."

Mshonaji hakungoja kuambiwa. Alitoa kwenye kapu lake mto mdogo aliokuwa ameushona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, na pambizo la uzi mweupe kuzunguka, akausukuma nyuma ya mgongo wa mama yake. Bikizee akatulia, akavuta pumzi. Alikuwa amekuja mbele kiasi cha kiganja kimoja.

Binti aliona kupitia upenyo wa pazia. Alijua palepale. Aliona ukucha wa baba unakitafuta kipengo, unakipata, unatua. Angeweza kusema, "Baba, amesogea." Maneno mawili tu. Hakuyasema, kwa sababu Alhamisi ilikuwa mkononi mwake, na picha nzuri ingempokonya. Alijiambia: akishakosa, nitamrudisha bibi nimpige tena.

Mzee alipiga kumi na mbili. Alimsemesha bikizee muda wote, akamuuliza kuhusu mume wake, kuhusu mvua, kuhusu huyu bintiye mkali wa sindano, na uso wa bikizee ukafunguka ukawa kitu cha kutazama. Binti hakuwahi kumwona baba yake akifanya kazi vizuri namna ile.

Kwenye kompyuta akazifungua moja moja. Sikio lilishika. Hereni ilishika. Pambizo la mto, lililochungulia nyuma ya bega, lilishika kwa ukali wa ajabu, mshono kwa mshono. Uso wenyewe ulikuwa ukungu wenye matundu mawili meusi. Zote kumi na mbili.

"Imetoka?" mzee aliuliza.

Binti akainua macho. Baba alikuwa amesimama kwenye pazia, ameelekeza uso kando kidogo ya pale alipokuwa binti mwenyewe. Nyuma yake mshonaji anangoja. Bikizee naye anangoja, mikono juu ya mapaja.

"Nimetoka mzuri?" bikizee aliuliza.

Jibu alikuwa amelibeba tangu jana. Kulitamka mbele ya yule bibi kizee kulimshinda.

"Imetoka," alisema.

*

Jioni mzee alikula akamaliza, akaomba nyingine. Baadaye alisikika chumbani akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka uanze. Jikoni, mama na binti walisimama mbele ya beseni la vyombo.

"Kamwambie," mama alisema.

"Kesho. Kwanza nimrudishe bibi asubuhi, nimweke sawa mwenyewe, apate picha yake. Kisha nitamwambia baba."

"Utampa picha nzuri, halafu umwambie alikosa? Atakuamini vipi?"

"Nitamwonyesha zile za leo."

"Kwa macho gani, mwanangu?"

Binti alisuuza kikombe kimoja mara tatu. "Bibi hana kosa, mama. Alikaa pale kwa uchungu."

"Na baba yako ana kosa gani?"

Asubuhi ya Jumanne alikwenda mtaa wa pili. Kibanda cha mshonaji kilikuwa kimefungwa. Jirani alimwambia bikizee aliamka alfajiri kwenda kunawa, akaanguka, hakusema tena. Kufika saa saba mchana akawa amekufa.

Mshonaji alikuja studio alasiri hiyohiyo, macho yamevimba, amevaa kanga ya nyumbani. Mzee hakuwepo. Alipopata habari ya msiba alikwenda moja kwa moja kwa seremala kuchagua fremu. Alisema picha hii hatatoza, na fremu ni mkono wake wa pole.

"Nimekuja kuchukua picha ya mama," mshonaji alisema. "Mazishi kesho saa nane. Tunataka kuiweka mezani watu waione."

Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Binti alimvutia kiti, akamfungulia kompyuta. Mshonaji alitazama kwa muda mrefu, akasogeza uso, akaurudisha nyuma, kama mtu anayedhani kosa ni la macho yake. Kisha akaweka kidole juu ya kioo.

"Hii mishono yangu," alisema. "Naweza kuihesabu. Mama yuko wapi?"

"Nisamehe, dada."

"Nyingine ziko wapi?"

"Zote ziko hivyo."

Mshonaji alipima kwa kidole kutoka kwenye mishono hadi usoni. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na kazi yake ilikuwa kupima. "Ni mto wangu," alisema. "Nilimsogeza."

"Si mto wako. Ni macho ya baba. Haoni." Ilikuwa mara ya kwanza binti kulisema hilo mbele ya mtu wa nje, na lilimtoka kama tusi. "Na mimi niliona umemsogeza, nikanyamaza."

Hakueleza kwa nini alinyamaza, na mshonaji hakuuliza. Pengine hakusikia. Alifungua pochi, akatoa kitambulisho cha mama yake. Binti alikipiga picha, akakikuza, akasafisha mikwaruzo alivyoweza. Alitokea bikizee mwenye taya lililokazwa, ametazama mbele kama anayesubiri kufokewa na karani. Lakini macho yalionekana. Mshonaji alipoyaona akalia, na haikujulikana kama ni kwa kuwa yanafanana au kwa kuwa hayafanani.

"Itiwe kwenye fremu ya mzee," alisema alipoweza kusema. "Na msimwambie mbele za watu. Alimpigia mama goti akamfunga kiatu. Jana usiku mama alilisimulia hilo mpaka akalala."

*

Msibani picha iliwekwa juu ya meza ndogo karibu na mlango. Mpiga picha aliingia ameshika bega la mkewe. Watu walimpisha. Nje ya familia yake hakuna aliyejua lolote ila mshonaji, na waliobaki waliona picha, wakaona fremu, wakamwona mpigaji, wakajumlisha.

"Kaa-Hivyo, hapa umefanya kazi," mmoja alisema.

"Bibi mwenyewe kabisa," mwingine akaongeza.

"Yaani macho utasema anataka kusema."

Mzee aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. Alibaki hapo muda, akipeleka kichwa kushoto na kulia, akikitafutia pa kupenya kile kijitundu chake. "Macho," alisema. "Ukishika macho, mengine yanajileta."

Mshonaji alitoka katikati ya wanawake, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Asante, baba. Umenipa mama yangu," alisema, na sauti yake haikutikisika.

Binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliwachukia wote, na zaidi alijichukia yeye. Watu wema wale, kila mmoja alitia neno lake dogo la huruma, na maneno yale yalikuwa yanampeleka baba yake gizani, na yeye ndiye aliyewatangulia.

*

Usiku wa Jumatano alimwambia. Alimwambia kila kitu, wima, mbele ya mama: mto, kiganja kimoja, kitambulisho. Mama alikuwa ameshafunga mfuko wa hospitali; kanga, sabuni, ndara.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Jumatatu nilikuuliza imetoka, ukasemaje?"

"Nilisema imetoka. Nilidanganya."

"Leo watu wote wale wamesema nzuri. Mwenye mama yake kanishika mkono, kasema nzuri. Wewe peke yako, usiku wa kuamkia kisu, ndiyo unasema mbaya. Sasa nikuamini wewe wa Jumatatu au wewe wa leo?"

Binti alileta kompyuta, akaiweka mapajani mwa baba. Akaifungua picha ya studio, ukungu na matundu mawili. Mzee aliinamia kioo. Uso wake ukalainika.

"Si huyu hapa," alisema. "Ndiye yuleyule wa msibani. Kosa liko wapi?"

Mama alikaa kitandani akaanza kulia, wala hakuficha. "Mume wangu, nenda. Usiende kwa ajili ya picha. Nenda unione mimi, hata kivuli tu. Mwakani utakuwa unanijua kwa kunigusa."

Mzee aliinua uso kutoka kwenye kioo, na binti alianza kutumaini. Mkono wa mzee ulitembea juu ya shuka, ukaupata wa mkewe, ukaufunika.

"Nakuona, mama," alisema. "Sasa hivi nakuona. Tuliahidiana, na nyinyi wenyewe mlisema tumeelewana. Mtu mzima akirudi nyuma kwenye neno lake amebakiwa na nini?"

Sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa upole huo binti alielewa kwamba anaogopa. Aliogopa kisu, aliogopa zaidi majuma ya kukaa na kitambaa usoni huku kiti chake kikiwa kitupu, na alikuwa amepata watu mia wa kumtetea.

*

Alhamisi mzee alifungua studio mapema. Saa tatu akaingia mteja, mwanamume wa makamo aliyepata cheo kazini na aliyeisikia sifa ya picha ya msibani. Alivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akaenda kwenye kioo cha ukutani kuweka sawa tai yake. Mzee alisimama kwenye utepe wake, mkono kwenye pete.

Nyuma ya pazia simu ya binti ikalia.

"Tunapiga kutoka hospitali," sauti ya mwanamke ilisema. "Mgonjwa wenu wa jicho la kulia tunamngoja tangu saa mbili. Yuko njiani? Daktari anaweza kumpisha mmoja mbele, zaidi ya hapo hawezi."

"Subiri kidogo, dada," binti alisema, akasogeza pazia amwite baba yake kwa mara ya mwisho.

Mzee alikuwa anazungumza. "Usikaze shingo, bwana mkubwa," alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya kumfungua mtu. "Cheo si adhabu. Shusha mabega. Hivyo." Alikuwa anazungumza na koti.

Mteja aligeuka kutoka kwenye kioo. Alimtazama mzee, akalitazama koti, kisha akamwona binti kwenye upenyo wa pazia, na usoni mwake pakapita kitu kama aibu. Alitembea kwa ncha za viatu, akaliinua koti bila kulichakarisha, akakaa mahali pake, akashusha mabega.

"Naam," mzee alisema. "Sasa umekaa kama mtu."

"Haloo?" sauti ilisema kwenye simu. "Anakuja?"

"Haji, dada," binti alisema. "Mwiteni anayefuata."